Majina waliyojiita na majina waliyopachikwa: kuzielewa jumuiya za wasoshalisti wa njozi

Mwaka 1894 kundi dogo la Wazungu lilishuka Lamu. Hawakuwa wamisionari, hawakutumwa na serikali yoyote, wala hawakuja kununua pembe za ndovu. Walikusudia kupanda na Mto Tana hadi nyanda za juu za Mlima Kenya na kuanzisha huko nchi mpya: ardhi isingekuwa na mwenyewe, mtaji ungetolewa bila riba, na kila mtu angejiunga na chama cha uzalishaji anachokipenda. Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuchorwa katika riwaya ya Kijerumani iliyotoka mwaka 1890, *Freiland*, kazi ya Theodor Hertzka, mwanauchumi na mwandishi wa magazeti wa Vienna. Bara hawakufika. Kabla mwaka haujaisha msafara ulikuwa umevunjika pale pale pwani na watu wake wametawanyika.

Tuwaiteje watu hawa? Wakomunisti si jina lao, maana Hertzka alitaka kila mtu afuate faida yake mwenyewe na apate kwa kadiri ya kazi yake. Walowezi? Kwa jicho la Mkikuyu, Mmeru au Mmaasai, ambaye ardhi yake ilikuwa imegawanywa kwenye karatasi huko Ulaya bila yeye kuulizwa, jina hilo lingewafaa kabisa. Wenyewe walijiita watu wa Nchi Huru. Historia za fikra za kisiasa, zikiwakumbuka, huwaingiza katika fungu moja na watu wa namna nyingi sana: wasoshalisti wa njozi, au wa kiutopia.

Fungu hilo ndilo nataka kulifumua hapa. Naamini limewapoteza wasomaji wengi, kwa sababu lilifungwa na wapinzani wao, na kwa sababu linafunika swali ambalo kila jumuiya ililijibu kwa namna yake: mali ni ya nani, na nani ana haki ya kuingia na kutoka? Anayeshika jibu la swali hilo ataelewa haraka kwa nini jumuiya moja ilikufa baada ya miaka miwili na nyingine ikadumu zaidi ya themanini. Anayeshika majina peke yake atazunguka.

Kuhusu istilahi zangu mwenyewe: nitasema "usoshalisti" kwa vuguvugu la Ulaya na Marekani, na neno "ujamaa" nitaliweka kando mpaka mwishoni, kwa sababu limebeba historia yake.

Njozi ya nani?

Thomas More, Mwingereza, alilitunga neno utopia mwaka 1516 kutokana na Kigiriki, akalifanya jina la kisiwa cha kubuni ambako hakuna mali ya mtu binafsi. Maana yake ni mahali pasipokuwapo. Lakini kwa matamshi ya Kiingereza linasikika pia kama mahali pema, na More aliyacheza yote mawili kwa makusudi. Karne ya 19 ilipoingia, neno lilikuwa limeshageuka shutuma. Kumwambia mtu mpango wake ni utopia ilikuwa kumwambia anaota mchana.

Waliolipigilia msumari ni Marx na Engels. Katika Ilani ya Kikomunisti ya mwaka 1848 waliwatengea wasoshalisti hawa wa njozi sehemu yao, na mwaka 1880 Engels akatoa kijitabu kilichotenganisha usoshalisti wa njozi na usoshalisti wa kisayansi. Kijitabu hicho kilitafsiriwa katika lugha nyingi, na tangu hapo majina matatu hutajwa kwa pumzi moja: Wafaransa Saint-Simon na Fourier, na Owen, mwenye viwanda wa Uingereza. Engels hakuwadharau. Aliwasifu sana, hasa kwa namna walivyoufichua uozo wa zama zao. Lawama yake ni kwamba waliamini jamii njema inaweza kubuniwa mezani na mtu mwenye akili, kisha wenye fedha wakielezwa vizuri watafungua mifuko, bila mapambano ya wafanyakazi wenyewe.

Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Charles Fourier, karani wa biashara kutoka Besançon nchini Ufaransa, husimuliwa kuwa alitangaza atakuwa nyumbani kila siku saa sita mchana kumngojea tajiri atakayegharimia jumuiya ya kwanza. Alifariki mwaka 1837, na tajiri hakuwa amekuja.

Hata hivyo jina la "njozi" linapotosha kwa njia mbili. Kwanza, watu hao walijiona wanasayansi. Fourier alijilinganisha na Newton: mwenzake aligundua mvuto wa sayari, yeye akagundua mvuto wa hisia za binadamu. Owen alizungumzia sayansi ya jamii maisha yake yote, na alidai kuwa tabia ya mtu hufinyangwa na mazingira kwa kanuni zinazoweza kupimwa. Pili, hawakuwa kundi moja. Mwaka 1831 Fourier alichapisha kijitabu kizima kuwashutumu wafuasi wa Saint-Simon na wa Owen kuwa ni matapeli wanaotega watu. Nao wafuasi wa Saint-Simon hawakuwa hata na jumuiya ya kiuchumi ya kueleweka. Walichojaribu ni maisha ya pamoja kwa miezi kadhaa ya mwaka 1832, katika nyumba ya Ménilmontant nje kidogo ya Paris, chini ya Prosper Enfantin. Walivaa vizibao vyenye vifungo mgongoni, ili hakuna awezaye kuvaa bila kusaidiwa na mwenzake. Serikali ikawapeleka mahakamani, na mambo yakaishia hapo.

Msoshalisti wa mwaka 1827

Neno "wasoshalisti" linaonekana katika gazeti la wafuasi wa Owen, mjini London, mwaka 1827. Swali lililojadiliwa ni kama mtaji uwe wa mtu mmoja mmoja au wa pamoja, na waliosimama upande wa pamoja ndio walioitwa hivyo. Halikuhusu chama cha siasa, wala dola kushika viwanda, wala mapinduzi. Miaka michache baadaye neno likachipuka Ufaransa, na huko lilipewa maana pana zaidi: kinyume cha kila mtu na lwake.

"Mkomunisti" alikuja baadaye, Paris, karibu na mwaka 1840, na mwanzoni alikuwa mtu anayetaka mali yote iwe ya wote. Étienne Cabet, mwanasheria kutoka Dijon, alilipokea jina hilo kwa fahari. Wafuasi wa Fourier waliliogopa. Wao walisema "shirikisho", na walipovuka bahari kwenda Marekani walilishikilia neno hilo kwa nguvu. Albert Brisbane, aliyemtambulisha Fourier kwa Wamarekani mwaka 1840, hakutaka mtu adhani kuwa wanataka kugawana mashamba ya watu.

Engels mwenyewe alieleza baadaye kwa nini ilani yao haikuitwa ya kisoshalisti. Mwaka 1847, alisema, msoshalisti alikuwa mfuasi wa Owen au wa Fourier, mtu wa tabaka la kati anayetafuta msaada wa wenye elimu; mkomunisti alikuwa mfanyakazi. Miaka arobaini mbele maneno hayo yalikuwa yamebadilishana nafasi. Mwanahistoria wa Marekani Arthur Bestor aliifuatilia njia hii yote mwaka 1948, na somo lake kwa msomaji wa leo ni la msaada mkubwa: ukikuta "msoshalisti" katika andiko la miaka ya 1840, usimvalishe sare ya karne ya 20.

Na "ubepari" je? Kama jina la mfumo mzima, neno la Ulaya lenye maana hiyo lilienea baada tu ya katikati ya karne ya 19. Fourier na Owen waliupinga mfumo usio na jina. Fourier alisema "ustaarabu" akimaanisha takribani kile tunachokiita ubepari, na adui yake mkubwa hakuwa mwenye kiwanda bali mfanyabiashara, mtu anayeficha nafaka ili bei ipande. Inanifurahisha kwamba neno letu bepari limetoka India, ambako lina maana ya mfanyabiashara tu. Fourier angelielewa papo hapo.

Kijiji kimoja, jumuiya mbili

Robert Owen, mzaliwa wa Newtown huko Wales, alianza kuendesha viwanda vya pamba vya New Lanark, Scotland, mwaka 1800. Watu zaidi ya elfu mbili waliishi pale. Aliacha kuajiri watoto walio chini ya miaka kumi, akapunguza saa za kazi, akafungua duka lenye bei ya haki, na mwaka 1816 akafungua shule iliyopokea hata watoto wadogo kabisa. Karibu na kila mfanyakazi kilitundikwa kipande cha mti chenye pande nne za rangi, nyeusi, buluu, njano na nyeupe, kuonyesha mwenendo wake wa jana, bila viboko wala matusi. Wageni walikuja kutoka Ulaya nzima kutazama.

New Lanark huorodheshwa kila mara kama jumuiya ya kisoshalisti. Haikuwa hivyo hata siku moja. Owen na wabia wake walimiliki kila kitu, faida ilikwenda kwao, na aliyeamua ni Owen. Alikuwa tajiri mwema, na wema wake naupa heshima yake yote, lakini wakazi wa New Lanark walikuwa waajiriwa. Wazo la mali ya pamoja lilimjia kadiri miaka ilivyokwenda, alipoanza kupendekeza "vijiji vya ushirikiano" kama dawa ya ukosefu wa kazi. Ili kulijaribu, alikwenda Marekani.

Mwaka 1825 alinunua kijiji kizima huko Indiana, pamoja na ekari zipatazo 20,000, kwenye Mto Wabash. Waliomuuzia walikuwa Wajerumani wacha Mungu, wafuasi wa George Rapp. Kijiji kiliitwa Harmony, naye akakiita New Harmony. Majengo, bustani na karakana vilikuwa vile vile, na nisingeweza kubuni mfano mzuri zaidi wa kuonyesha jinsi neno moja, "jumuiya", linavyoficha mambo mawili.

Watu wa Rapp walikuwa na mali ya pamoja tangu mwaka 1805. Sababu yao ilikuwa Matendo ya Mitume: waumini wa kwanza walikuwa na vitu vyote shirika. Walingojea kurudi kwa Kristo, wakaacha hata kuzaa, wakamtii kiongozi wao bila ubishi. Wengi walikuwa mafundi na wakulima wazoefu. Walipouza Harmony walihamia Pennsylvania, wakajenga upya, na jumuiya yao ikafika karne ya 20. Hawakujiita wasoshalisti, neno lenyewe lilikuwa halijazaliwa walipoanza.

Owen aliwafungulia mlango watu wote wenye bidii na nia njema. Wakaja kama mia nane au zaidi, wengine kwa imani ya kweli, wengine kwa kusikia kuna chakula. Walikuja pia wanasayansi wa sifa, kama William Maclure na Thomas Say, na shule zilizofunguliwa zilikuwa mbele ya wakati wake. Lakini mafundi walipungua, wahubiri wa mawazo wakazidi. Ardhi ilibaki kwa jina la Owen huku katiba ikisema usawa, na watu walishindwa kuafikiana kama wanajenga mali ya pamoja au wanamlipa mkopo tajiri mkarimu. Katiba zilibadilishwa, makundi yakajitenga, na kufikia mwaka 1827 jaribio lilikuwa limekwisha. Owen alipoteza sehemu kubwa ya utajiri wake.

Kuna jambo ambalo simulizi nyingi za New Harmony hulipita kimya. Katiba ya kwanza ilisema watu wa kila umri na kila hali wanaweza kuwa wanachama, isipokuwa watu wasio weupe. Hao wangeweza kupokewa kama wasaidizi ikihitajika, au wakaandaliwa kwenda kuunda jumuiya zao barani Afrika au kwingineko. Yaani neno "usawa" liliandikwa juu ya mlango ambao sisi tungesimamishwa nje yake. Frances Wright, Mskoti aliyeipenda New Harmony, alijaribu njia nyingine mwaka huo huo wa 1825 huko Nashoba, karibu na Memphis, Tennessee: alinunua watumwa ili wafanye kazi pamoja mpaka wajilipie uhuru wao. Mpango wa kumwachia huru mtu kwa kumfanyisha kazi ya kujinunua ulikuwa na ukatili wake, na Nashoba ilidhoofika haraka kwa maradhi na usimamizi mbaya. Mwaka 1830 Wright aliwapeleka watu hao, takriban thelathini, Haiti, wakawa huru. Katika historia nzima ya jumuiya hizi hakuna kituo kinachonigusa kuliko hicho, kwa sababu pale neno "hiari", ambalo wote waliliimba, linaonekana lilikuwa hiari ya nani.

Tofauti kati ya kuendesha na kumiliki ilijitokeza wazi zaidi Ireland. Huko Ralahine, wilaya ya Clare, mwenye shamba John Vandeleur aliwapangisha vibarua wake ardhi kama jumuiya mwaka 1831. Walichagua kamati yao, walipiga kura kuamua nani ajiunge, walilipa kodi kwa mazao na walipokea mishahara kwa hati za kazi zilizokubalika dukani kwao. Katika eneo lililokuwa limechafuka kwa machafuko ya mashamba, Ralahine ilitulia na kuzalisha. Mwaka 1833 Vandeleur alipoteza mali yake katika kamari mjini Dublin, akakimbia. Wadai walikuja kudai shamba, na mkataba wa jumuiya haukutambuliwa na sheria. Watu waliondolewa. Haikuwa njozi iliyowaangusha, na anayeitaja Ralahine kama ushahidi kwamba binadamu hawezi kushirikiana hajaisoma.

Falansteri na hisa zake

Wengi husikia falansteri, jina la jengo la jumuiya alilolibuni Fourier, wakadhani ni mahali ambapo kila kitu ni cha wote. Fourier alikusudia kinyume chake. Jengo lake kubwa lingekaa watu wapatao 1,620, kwa sababu alihesabu tabia za binadamu 810 na akataka kila moja iwe na mwanamume na mwanamke. Ndani yake tajiri angebaki tajiri. Mapato yangegawanywa mafungu kumi na mawili: matano kwa kazi, manne kwa mtaji, matatu kwa kipaji. Mtu angebadilisha kazi mara nyingi kwa siku, kwa kuwa Fourier aliamini uchovu hutokana na kurudia jambo moja. Watoto wanaopenda kuchezea uchafu wangekabidhiwa usafi wa mji na kupewa heshima ya juu kabisa. Alichotaka kufuta ni kazi isiyo na furaha. Umiliki aliuacha ulivyo, akaugeuza kuwa hisa.

Kwa hiyo Brook Farm, iliyoanzishwa na George Ripley karibu na Boston mwaka 1841, ilikuwa kwa sheria kampuni ya hisa, kila hisa dola 500. Iligeukia mafundisho ya Fourier mwaka 1844, ikaanza kujenga falansteri, jengo likaungua mwaka 1846 kabla halijahamiwa, na mwaka uliofuata shamba likafungwa. Icaria ya Cabet ndiyo iliyokuwa ya kikomunisti kwelikweli. Wafuasi wake waliondoka Ufaransa mwaka 1848 kwenda Texas, wakashindwa na maradhi, wakahamia Nauvoo, Illinois, katika nyumba zilizoachwa na Wamormoni. Mali ilikuwa moja, meza moja, na Cabet akazidi kuwa mtawala mpaka wenzake wakamfukuza mwaka 1856. Alifariki mwaka huo huo mjini St. Louis. Matawi ya Icaria yaliendelea Iowa hadi mwaka 1898. Kuziita Brook Farm na Icaria kwa neno moja ni kama kuiita upatu na zaka jina moja kwa sababu zote mbili watu hutoa fedha.

Aliyemwelewa Fourier kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Jean-Baptiste André Godin, mtoto wa fundi vyuma aliyetajirika kwa kutengeneza majiko ya chuma huko Guise, kaskazini mwa Ufaransa. Alitia sehemu kubwa ya mali yake katika koloni la wafuasi wa Fourier huko Texas, akaipoteza, na badala ya kukata tamaa akaanza mwaka 1859 kujenga kwake mwenyewe. Aliita jengo lake Familisteri. Nyumba zilizunguka ua mkubwa ulioezekwa kwa vioo. Kulikuwa na maji kila ghorofa, hewa safi, shule, maktaba, ukumbi wa maonyesho, bwawa la kuogelea na sehemu ya kufulia. Vitu hivyo aliviita "vilinganishi vya utajiri": vitu ambavyo tajiri hujinunulia peke yake na maskini wanaweza kuvipata wakiwa pamoja. Mwaka 1880 aliigeuza kampuni kuwa shirikisho la mtaji na kazi, na polepole hisa zikapita mikononi mwa wafanyakazi. Shirikisho hilo liliishi mpaka mwaka 1968. Lilikuwa na ngazi zake za uanachama, na walio ngazi ya chini walikuwa na sababu za kulalamika, lakini lilidumu kwa kuwa tangu mwanzo lilikuwa na kiwanda kinachouza, sheria ya maandishi na jibu wazi kuhusu mwenye mali.

Koloni, komuni, ushirika

Maneno mengine matatu yanahitaji uangalifu, hasa kwa msomaji wa huku kwetu.

"Koloni" lilikuwa jina la kawaida la jumuiya hizi. Cabet alikuwa na koloni, Owen alizungumzia makoloni ya nyumbani ndani ya Uingereza yenyewe. Walimaanisha makazi mapya. Lakini kule Marekani makazi mapya yalijengwa juu ya ardhi ambayo wenyeji walikuwa wameondolewa karibuni, na mpango wa Hertzka ulionyesha jinsi hatua ilivyo fupi kutoka koloni la ndoto hadi koloni tulilolijua.

"Komuni" ni gumu zaidi. Kwa Mfaransa ni ngazi ya chini ya serikali za mitaa, kama ambavyo mkazi wa Lubumbashi husema anaishi komini ya Kenya au ya Katuba bila kufikiria siasa yoyote, na Mrundi naye ana komine yake. Komuni ya Paris ya mwaka 1871 ilikuwa baraza la mji lililoasi, si watu waliokaa nyumba moja. Matumizi ya neno hilo kwa vijana wanaoishi pamoja na kugawana kila kitu yalienea hasa miaka ya 1960. Watafiti wa sasa wamechoka na utata huo, wengi husema "jumuiya za makusudi": watu walioamua kuishi pamoja kwa lengo fulani, liwe la dini, la siasa au la mazingira. Nalipenda neno hilo kwa sababu halihukumu.

"Ushirika" ndilo lililosafiri mbali kuliko yote. Mwaka 1844 wafumaji na wafanyakazi wa Rochdale, Uingereza, baadhi yao wafuasi wa Owen, walifungua duka dogo. Mwanzoni walitaja hata kujenga jumuiya kamili siku za mbele. Jumuiya haikuja, duka likabaki, na kanuni zake, hasa mwanachama mmoja kura moja na ziada kugawanywa kulingana na manunuzi, zikaenea duniani. Zikafika Tanganyika kupitia sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, waliokuwa na umoja wao tangu 1925, wakaandikishwa kama KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Mchaga aliyepeleka kahawa yake chamani alikuwa, bila kuambiwa, mjukuu wa mbali wa hoja zile za mwaka 1827.

Ujamaa

Sasa neno nililoliweka kando. Mwaka 1962 Julius Nyerere alieleza ujamaa kuwa msingi wa usoshalisti wa Kiafrika. Alilichagua kwa kuwa ni neno letu, na kwa kuwa linasema undugu wa familia. Hakutaka usoshalisti unaoanzia kwenye uhasama wa matabaka. Alitaka kuikuza familia ya jadi mpaka ilingane na taifa na zaidi. Kwa msomaji wa Marx hilo lilisikika kama njozi ile ile, na wapo wasomi wa Dar es Salaam waliosema hivyo kwa sauti. Wao, wakifuata vitabu vya Kimarx, waliyaita maisha ya kale ya kushirikiana "ujima", neno ambalo wanafunzi wa Tanzania bado wanalisoma katika somo la historia kama hatua ya kwanza ya maendeleo ya jamii.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 na andiko la Ujamaa Vijijini la Septemba mwaka huo, neno moja likawa na kazi tatu. Lilikuwa tabia ya moyo, lilikuwa siasa ya nchi, na lilikuwa aina ya kijiji. Maana hizo tatu hazina kipimo kimoja. Tabia ya moyo hailazimishwi, siasa ya nchi hutekelezwa kwa amri, na kijiji huhitaji ardhi, maji na makubaliano ya watu wanaojuana.

Jumuiya iliyofanana kabisa na zile za makusudi nilizozieleza ilikuwapo kabla ya azimio. Litowa, mkoani Ruvuma, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vijana wa TANU waliojichagua wenyewe. Walilima shamba la pamoja, wakaamua mambo kwa mikutano, wakaendesha shule yao, na baada ya kuungana na vijiji vingine wakaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, chenye vijiji zaidi ya kumi. Nyerere aliwasifu na alijifunza kwao. Lakini chama cha wanakijiji kinachojiamulia kiligongana na viongozi wa mkoa na wa TANU, na Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja na mali zake zikachukuliwa. Nikiambiwa nitaje mahali ambapo neno ujamaa lilikuwa na maana kamili, nitataja Litowa, iliyovunjwa kwa jina la ujamaa huo huo.

Nyerere alikuwa ameandika kwamba jumuiya za kisoshalisti haziwezi kujengwa ila na watu wanaotaka. Novemba 1973 kukaa vijijini kukawa amri, na operesheni za miaka iliyofuata zikawahamisha mamilioni, mara nyingine kwa kubomolewa nyumba zao. Lugha ya serikali yenyewe ilianza kusita, ikasema zaidi "vijiji vya maendeleo". Wazee wengi waliohamishwa huita yote yale ujamaa, na wana haki, kwani ndilo jina lililokuwa kinywani mwa waliowahamisha.

Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilitenganisha hatimaye mambo hayo mawili. Kijiji kiliandikishwa kwa kuwa na kaya, mipaka na halmashauri yake. Ili kiitwe kijiji cha ujamaa ilibidi sehemu kubwa ya shughuli zake za uchumi ziwe zinafanywa kwa pamoja. Vya aina ya kwanza viliandikishwa kwa maelfu; vya aina ya pili vilikuwa vichache sana, na katika vingi vya vile maelfu kila kaya iliendelea kulima shamba lake.